MOTO WA RADI SI MOTO WA KIBERITI

Moto ni rafiki, na moto ni adui. Ukiwa jikoni hutupikia ugali. Ukipanda juu ya paa huteketeza nyumba. Jambo hilo kila mtu analijua.

Mwezi huu tutazungumza juu ya moto wa namna nyingine. Ni moto unaowashwa na radi porini. Pengine utashangaa kusikia kwamba ziko nchi ambazo askari wa hifadhi huuona moto huo wala hawauzimi. Huuacha uwake, huku wakiulinda kama mchungaji alindavyo ng'ombe wake.

Je, watu hao ni wajinga? La. Walifikia uamuzi huo baada ya kupata hasara kwa miaka mingi. Basi tuone walijifunza nini. Halafu tuulize: je, na sisi tuuache moto uwake? Tafadhali soma mpaka mwisho. Atakayeishia katikati ataondoka na jibu lisilo sahihi.

Radi huwashaje moto?

Radi ni umeme wenye nguvu nyingi sana. Ikipiga mti mkavu, joto lake huuwasha. Mara nyingi mvua huuzima moto huo saa ile ile. Lakini pengine moto hujificha ndani ya gogo kwa siku kadhaa, ukifuka moshi kidogo kidogo. Siku upepo unapovuma, huanza kuwaka.

Moto huu ulikuwapo duniani kabla ya binadamu. Miti na majani ya nchi kavu vimekua pamoja nao kwa maelfu na maelfu ya miaka. Ndiyo maana miti mingine ina gome nene lisiloshika moto upesi. Majani mengine yakiungua juu, mizizi yake hubaki hai na kuchipua tena. Tena ipo miti ambayo mbegu zake hungoja moto ndipo zitoke. Huo mti tutauona sasa hivi.

Miaka ya kuzima kila moto

Twende Marekani, upande wa magharibi, kwenye milima na misitu mikubwa. Mwezi Agosti mwaka 1910, moto mkubwa ulitokea katika majimbo ya Idaho na Montana. Kwa siku 2 tu uliteketeza ekari milioni 3 hivi. Watu wapatao 85 walikufa. Wengi wao walikuwa wazima moto.

Tangu hapo Idara ya Misitu ya nchi hiyo iliuona kila moto kuwa ni adui. Mwaka 1935 ilitoa amri. Kila moto utakaoonekana lazima uzimwe kabla ya saa 4 asubuhi ya siku inayofuata. Minara ya kulindia ilijengwa juu ya vilima. Barabara zilikatwa. Kuanzia mwaka 1940 wazima moto wengine waliruka kutoka kwenye ndege kwa miavuli ili wawahi.

Kazi hiyo waliifanya kwa bidii. Lakini taabu ilikuwa inakuja polepole.

Zamani moto mdogo wa radi ulipita chini ya miti kila baada ya miaka kadhaa. Wenyeji wa asili wa nchi hiyo nao walikuwa wakichoma sehemu nyingine kwa utaratibu wao. Moto huo ulifagia majani makavu, matawi yaliyoanguka na miti midogo dhaifu. Miti mikubwa haikudhurika. Moto ulipokatazwa, takataka hizo zilibaki. Mwaka baada ya mwaka zikarundikana. Miti midogo ikasongamana chini ya mikubwa.

Fikiri juu ya nyumba ambayo takataka zake hazitupwi nje, bali zinasukumwa pembeni kila siku. Mwaka wa kwanza hutaona neno. Baada ya miaka 50 cheche moja tu inatosha. Msitu nao ni hivyo hivyo. Moto uliokuwa ukitambaa chini sasa ulipata ngazi ya kupandia. Ulipanda kwenye miti midogo, ukafika kwenye vilele vya miti mikubwa. Moto wa namna hiyo hauzimiki kwa urahisi.

Mti unaongoja moto

Katika milima ya Sierra Nevada, jimbo la California, kuna mti uitwao sekwoia. Ni mti mkubwa sana. Hakuna mti duniani wenye shina linalozidi lake kwa wingi wa mbao. Mingine ina umri wa zaidi ya miaka 3,000. Gome lake ni nene, laweza kuzidi sentimeta 30. Moto mdogo hauwezi kulipenya.

Mbegu za mti huu mkubwa ni ndogo sana. Hukaa ndani ya tunda gumu, na tunda hilo laweza kukaa juu ya mti miaka mingi bila kufunguka. Moto unapopita chini, joto lake hupanda juu na kukausha matunda. Matunda hufunguka, na mbegu huanguka kama mvua. Mbegu hizo haziwezi kuota juu ya rundo la majani makavu. Zinataka udongo mtupu na mwanga wa jua. Moto umekwisha kuzitengenezea vyote viwili.

Basi wataalamu waliona jambo la kutisha. Miti mikubwa ilikuwapo, lakini watoto wake walikuwa wachache mno. Kuzuia moto kulikuwa kunaua kizazi kipya.

Mwaka 1963 kamati ya wataalamu iliyoongozwa na A. Starker Leopold iliieleza serikali kwamba misitu ya hifadhi imebadilika, na kwamba kuzuia moto ni sababu mojawapo. Mwaka 1968 idara ya hifadhi za taifa ilibadili mwendo wake. Mwaka ule ule, hifadhi za Sequoia na Kings Canyon zilianza kuiacha mioto ya radi iwake katika sehemu za juu za milima, mbali na watu.

Bonde lililopata maji

Katika hifadhi ya Yosemite, ambayo nayo iko California, kuna bonde liitwalo Illilouette. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 150 hivi. Tangu mwaka 1972 mioto mingi ya radi imeachwa iwake humo. Wataalamu wamelipima bonde hilo kwa muda mrefu. Waliona nini?

Kwanza, sehemu iliyofunikwa na msitu ilipungua kwa karibu moja ya tano. Usiogope. Mahali pa msitu uliosongamana palitokea majani na vichaka. Sehemu za majani zimezidi mara mbili kuliko zamani. Wanyama na ndege wa aina nyingi hupata makao mahali penye mchanganyiko kama huo.

Pili, maji. Kila mti hunywa maji ya ardhini. Miti ikisongamana ni kama watu wengi kuzunguka sufuria moja. Miti ilipopungua, udongo wa sehemu nyingi ulibaki na unyevu zaidi. Maji ya mto hayakupungua kama yalivyopungua katika mabonde mengine. Ukame mkali ulipokuja California kuanzia mwaka 2012, miti iliyokufa katika bonde hili ilikuwa michache kuliko ya jirani.

Tatu, moto wenyewe ulijiwekea mipaka. Moto mpya ukifika mahali palipoungua miaka michache iliyopita, haukuti chakula cha kutosha. Mara nyingi husimama hapo hapo. Kwa hiyo moto wa jana huuzuia moto wa leo.

Kuacha moto ni kazi

Msomaji mwingine anaweza kudhani kwamba kuuacha moto ni kukaa kivulini na kutazama. Sivyo hata kidogo. Mpango huandikwa kabla radi haijapiga. Moto unapoonekana, wakuu wa hifadhi hujiuliza maswali kama haya:

1. Moto umewashwa na nini? Kama umewashwa na mtu, kwa kawaida huzimwa. Unaofikiriwa kuachwa ni ule wa radi.

2. Uko wapi? Kuna nyumba, njia, nguzo za umeme au mashamba karibu?

3. Ni wakati gani wa mwaka? Mvua au theluji iko karibu, au kiangazi ndiyo kwanza kinaanza?

4. Hali ya hewa ikoje? Upepo unavuma kuelekea wapi? Majani yamekauka kiasi gani?

5. Moto ukikua, utasimama wapi? Kuna mwamba, mto au sehemu iliyokwisha kuungua?

6. Tunao watu na vyombo vya kutosha vya kuuzima ukitushinda?

Jibu moja likiwa baya, moto huzimwa. Majibu yakiwa mazuri, moto huachwa, lakini hauachwi peke yake. Watu huutazama kila siku kwa miguu, kwa ndege na kwa setilaiti, yaani vyombo vinavyopiga picha kutoka angani. Pengine upande mmoja huzimwa kwa sababu unaelekea kijijini, na upande wa pili huachwa. Moshi nao huangaliwa, kwa maana moshi hudhuru vifua vya wazee, watoto na wagonjwa wa pumu.

Mwaka 1988

Kazi hii ina hatari, na si vizuri kuzificha. Katika hifadhi ya Yellowstone, mpango wa kuacha mioto ya radi ulianza mwaka 1972. Kwa miaka 15 mambo yalikwenda vizuri. Mioto mingi ilizimika yenyewe ikiwa midogo.

Mwaka 1988 ulikuja ukame mkali. Mioto iliyoachwa mwanzoni mwa kiangazi ilikua. Mwezi Julai wakuu waliamua kuizima yote. Walikuwa wamechelewa. Watu wapatao 25,000 walishiriki katika kazi hiyo kwa majira yote. Lakini kilichoizuia mioto ile hasa ni mvua na theluji zilizoanguka tarehe 11 Septemba. Zaidi ya theluthi moja ya hifadhi iliguswa na moto.

Watu walikasirika. Wengi walisema kwamba hifadhi imekufa. Lakini kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, moto mkubwa kuliko yote haukuwa wa radi. Uliwashwa na sigara ya mtu, nje ya mpaka wa hifadhi, na ulipigwa vita tangu siku ya kwanza. La pili, hifadhi haikufa. Misonobari ya huko, jamaa ya mipaini inayopandwa Sao Hill, ina matunda yaliyogandishwa kwa utomvu. Moto uliyayeyusha. Mbegu nyingi mno zilianguka, na miti michanga ikaota yenyewe bila kupandwa na mtu.

Baada ya uchunguzi, mpango haukufutwa. Uliwekewa masharti makali zaidi. Hilo ndilo funzo la Yellowstone. Mwaka wa ukame si mwaka wa kubahatisha.

Radi ile ile, matokeo mengine

Sasa sikiliza habari hii. Mwezi Agosti mwaka 2020 radi iliwasha moto katika milima ile ile ya Sierra Nevada. Ulikuwa moto wa radi kama ile mingine. Lakini uliingia katika misitu mingi ambayo haikuwa imeungua kwa karne nzima. Takataka zilikuwa tele na nchi ilikuwa imekauka kupita kiasi. Moto ulipanda mpaka vileleni. Wataalamu walikadiria kwamba uliua sekwoia kubwa kati ya 7,500 na 10,600. Mwaka 2021 mioto mingine ya radi iliua maelfu zaidi.

Miti iliyokuwa imeokoka kwenye mioto mingi kwa miaka elfu na zaidi ilikufa kwa moto mmoja. Je, radi ndiyo iliyobadilika? La. Radi ni ile ile. Kilichobadilika ni chakula cha moto kilichorundikwa chini ya miti, pamoja na joto na ukame wa miaka hii.

Somo kutoka Afrika Kusini

Usidhani haya ni mambo ya Marekani tu. Hifadhi ya Kruger iko Afrika Kusini, katika nchi ya majani na miti kama ile ya sehemu nyingi za kwetu. Mwaka 1992 wakuu wake waliamua kwamba moto wa radi tu ndio utakaoruhusiwa kuwaka. Moto wa watu utazimwa wote.

Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Lakini watu waliendelea kuwasha moto. Walikuwamo majangili, na wahamiaji waliovuka hifadhi kwa miguu. Miaka ilipopita, wakuu waliona kwamba sehemu kubwa zaidi iliunguzwa na moto wa watu, si wa radi. Mwezi Septemba mwaka 2001 moto mkali uliua watu zaidi ya 20 ndani ya hifadhi hiyo. Kati yao walikuwamo wakata majani ya kuezekea na askari wa hifadhi. Baada ya hapo, mpango wa kutegemea radi peke yake uliachwa. Sasa wanachanganya. Wanachoma wenyewe baadhi ya sehemu kwa wakati unaofaa, na mioto ya radi huachwa pale inapofaa.

Na sisi, je?

Sasa tumefika nyumbani. Huenda msomaji mmoja anasema moyoni: "Kumbe moto ni mzuri! Kesho nitachoma kilima." Ndugu, ngoja kwanza.

Hapa kwetu radi huja pamoja na mvua. Wakati huo majani ni mabichi. Kwa hiyo moto wa radi kwetu mara nyingi ni mdogo na hufa upesi. Moto unaotusumbua huwaka wakati wa kiangazi, mwezi wa Agosti, Septemba na Oktoba, wakati mbingu ni kavu na radi hakuna. Nani huuwasha? Ni mrina asali aliyeacha kienge chake kikiwaka. Ni mwindaji. Ni mchungaji anayetaka majani mapya. Ni mkulima anayesafisha shamba bila kutengeneza njia ya kuzuia moto. Huo ndio tunaouita moto kichaa. Jina linaufaa, maana hauna mlinzi wala mpango.

Katika misitu ya miombo, wakati wa moto ndilo jambo kubwa. Huko Ndola, Zambia, majaribio yalianzishwa mwaka 1933. Sehemu moja ilichomwa mapema kila mwaka, wakati majani yangali na unyevu. Sehemu nyingine ilichomwa mwishoni mwa kiangazi. Ile iliyochomwa mapema ilibaki na miti. Ile iliyochomwa kwa kuchelewa ilipoteza miti yake, ikageuka kuwa nchi ya majani. Kiberiti ni kile kile, lakini mwezi ni mwingine.

Tena si kila msitu umezoea moto. Misitu mibichi ya milimani, kama ya Usambara na Uluguru, haikukua pamoja na moto. Ukiingia humo ni hasara tupu. Mwezi Oktoba mwaka 2020 moto uliwaka juu ya Mlima Kilimanjaro kwa siku nyingi. Haukuwa wa radi. Maofisa walieleza kwamba ulianzia eneo la Whona, mahali pa kupumzikia wapanda mlima. Uliunguza kilomita za mraba zipatazo 95. Misitu na vichaka vya juu ya mlima hunasa ukungu na kuugeuza kuwa maji. Vikiungua, anayekosa maji ni mwananchi aliye bondeni.

Tufanye nini?

Sisi wa kijijini hatuna ndege wala setilaiti. Lakini yale maswali sita ya wakuu wa hifadhi hata sisi tunaweza kujiuliza. Moto huu ni wa nini? Uko wapi? Ni mwezi gani? Upepo ukoje? Utasimama wapi? Nani yuko tayari kuuzima? Asiyeweza kujibu yote sita asiguse kiberiti.

Anayetaka kuchoma majani ya shamba aonane kwanza na serikali ya kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti juu ya kuchoma majani na mapori. Atengeneze njia ya kuzuia moto, yaani ukanda uliofyekwa na kulimwa mpaka udongo mtupu uonekane. Achome asubuhi au jioni wakati upepo umetulia. Awaite majirani wawe karibu na matawi mabichi na maji. Asiondoke mpaka jivu limepoa.

Kama kijiji chenu kina msitu wa miombo, kamati ya maliasili imwite afisa misitu. Naye awashauri kama kuchoma mapema kunafaa, na sehemu gani. Na ukiona moto porini, hata kama unadhani ni wa radi, usiamue peke yako. Toa habari upesi. Kuacha au kuzima ni uamuzi wa wanaolinda mahali hapo.

Ndugu msomaji, moto wa radi ni mfagizi wa pori. Mfagizi mwema hufagia polepole, kwa wakati wake, na nyumba hubaki. Lakini ukirundika takataka miaka mingi kisha ukamwita siku ya upepo, hatabakiza kitu. Na moto kichaa haufagii kabisa. Huo ni mwizi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mbegu za sekwoia zinahitaji moto?
2. Kwa nini kuzima kila moto kulileta moto mkubwa zaidi?
3. Taja mambo matatu yanayoangaliwa kabla ya kuuacha moto wa radi.
4. Moto kichaa wa kijiji chenu huanza mwezi gani, na huwashwa na nani? Mtauzuiaje mwaka huu?